Pureun ya Mbingu, Pureun ya Kitunguu

Heukgol, 11 Machi 2019

Mdogo wangu Tae-gon,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Sisi huku tunapumua. Theluji bado imeng'ang'ania nyuma ya nyumba na mgongo wangu unaijua kila asubuhi. Mwanangu Da-hye ana mimba ya miezi minne. Amenipigia simu kutoka Daejeon akilia na kucheka, anataka nihamie kwake nimlelee mtoto, nami nikamwambia tutaona, kama ninavyosema kila mara. Baba miguu imegoma kabisa, sasa anasukumwa kwenye kiti. Mdomo haujagoma. Jana amesema supu yangu inafaa kuoshea viatu.

Fomu yako ya udhamini imefika. Iko chini ya gudulia la mchele. Unajua mwenyewe kwamba tangu Baba alipoinuka pale mahakamani siku ya kesi yako akatoka, jina lako halitajwi mezani. Nipe muda nimvizie siku atakayoamka na tumbo zuri. Bila muhuri wake hawatakuachia mapema, hilo nimelisoma mara tatu, huna haja ya kunikumbusha.

Jambo lenyewe ni lori. Wilaya inaugeuza mgodi uliofungwa kuwa ukumbi wa maonyesho, na wamemleta kijana mmoja anaitwa Pyo, mwenye viatu visafi mno kwa mji huu. Amegundua lile lori la magurudumu matatu la Baba bandani, alilokuwa akipandishia wateja makaa ya matundu ya kuwashia majiko mlimani. Anataka lisimame mlangoni Oktoba, likiwa na rangi liliyotoka nayo kiwandani. Alipomuuliza Baba, Baba akasema, "Pureun. Lilikuwa pureun, litakuwa pureun," akageuza kiti.

Wewe umechanganya rangi miaka ishirini. Niandikie vipimo vya hiyo pureun. Bwana Gu wa duka la rangi amesema ukimpa vipimo kwa vijiko atachanganya, mashine yake imekufa zamani.

Ni mimi dada yako,
Myeong-suk


Gerezani, 29 Machi 2019

Shikamoo Dada,

Nami ni mzima. Chumba chetu tuko sita na tumepata mmoja anayekoroma kwa zamu mbili. Kazi ni ile ile, tunakunja mifuko ya karatasi ya maduka makubwa. Nampongeza Da-hye. Mwambie mjomba wake anajifunza kukunja vitu vidogo kwa upole.

Dada, neno ulilonitumia halichanganyiki. Pureun ipi? Buluu na kijani zote kwetu zina jina hilo moja: tunaita mbingu pureun, tunaita mlima pureun, taa ya barabarani ya kuruhusu ni pureun, na yule mwanafunzi wangu wa kwanza karakanani aliyevilia damu mguuni alikuwa na alama ya pureun pia. Wateja walikuwa wakinijia na neno hilo hilo, nami nawapeleka nje nawaambia wanyooshe kidole.

Usimuulize Baba, liulize bati. Jua hula rangi, kwa hiyo tafuta mahali ambapo jua halijawahi kufika: nyuma ya spidomita, chini ya bawaba za kiti, ndani ya mlango. Futa masizi kwa sabuni, kisha paka nta kidogo, maana rangi kavu husema uongo na rangi iliyolowa husema kweli. Angalia mchana wenye mawingu, usiangalie chini ya taa ya jikoni. Halafu chukua msasa laini, sugua mahali pamoja kwa mzunguko hadi ufike kwenye bati. Utaona pete, moja ndani ya nyingine. Kila pete ni koti moja la rangi. Niandikie pete hizo kwa mpangilio, toka nje kwenda ndani, na kila moja uilinganishe na kitu kilichomo jikoni mwako, kitu ambacho nami nakikumbuka.

Usinitumie vipande vya rangi. Bahasha hufunguliwa, vitatupwa.

Fomu inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa Agosti. Najua hutaki nikukumbushe.

Mdogo wako,
Tae-gon


Heukgol, 20 Aprili 2019

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikutumia vipande hata hivyo na vimerudishwa na karatasi ya kunikemea. Mama In-cheol amepita leo, amekuletea salamu, na Baba akataka nywele zake zichanwe kabla hajaingia. Miaka arobaini sasa kila majira ya baridi anampelekea mjane huyo makaa bure, hata alipoacha biashara ya makaa ananunua dukani na kuagiza yapelekwe. Mji mzima unajua. Nilimtania nikasema, "Baba, ungemuoa tu, ingekuwa nafuu." Alinitazama vibaya. Basi, wazee hawajui utani.

Sasa lori. Pyo alipoisoma barua yako alifurahi kama aliyepewa ramani ya hazina, akaja na msasa wake mwenyewe na kuvua koti. Baba alisikia ule mkwaruzo akiwa chumbani. Alipiga kelele, "Nani anamkwangua?" Akasema hivyo, anamkwangua, kama vile lori ni mtu. Alirusha kijiko kikagonga mlango.

Pete ziko hivi. Ya nje ni buluu, ile ya sufuria letu la Mama, iliyobanduka kidogo. Kisha kuna mstari mweusi, mwembamba kama uzi. Kisha kijani: jani la kitunguu kibichi, lakini lililolala siku mbili jikoni, likaanza kupoteza ukali. Nyuma ya spidomita ni kijani hicho hicho. Mwisho ni rangi ya udongo mwekundu, halafu bati.

Nilimwambia Pyo labda ile kijani ni ya kutangulizia tu kiwandani. Amesema yeye hajui, zote kwake ni pureun, mtaalamu wetu aseme ipi ni ya asili naye ataifuata.

Dada yako


Gerezani, 8 Mei 2019

Shikamoo Dada,

Leo ni siku ya wazazi. Wametugawia karatasi nyekundu tutengeneze maua ya kuwapelekea. Langu limetoka vizuri, mikono haijasahau, lakini sikujua niliandikie anwani gani, limebaki dirishani.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Rangi ya kutangulizia ni ile ya udongo mwekundu, huzuia kutu. Kijani ndiyo ya kiwandani. Buluu imekuja baadaye.

Kinachonisumbua ni ule uzi mweusi. Hayo ni masizi ya makaa. Fundi yeyote, hata mlevi, huosha gari kabla ya kulipaka rangi, kwa sababu rangi haishiki juu ya uchafu. Anayepaka juu ya masizi ni mtu mwenye haraka. Nami sikumbuki Baba kuwa na haraka hata siku moja. Alikuwa akipanga makaa kama mayai.

Angalia pembeni mwa vioo, chini ya mpira. Wanaopaka nyumbani hubandika magazeti kwenye vioo visishike rangi, na vipande hubaki vimenasa. Ukikuta, soma tarehe. Halafu niambie nani alipaka, na lini.

Fomu?

Tae-gon


Heukgol, 17 Juni 2019

Mdogo wangu,

Nimechelewa, nisamehe. Mvua zimeanza na paa la banda limevuja. Vitunguu saumu nimevuna, vidogo lakini vikali. Da-hye amevimba miguu, daktari amesema apumzike, na mumewe ni mtu wa safari. Ameniuliza tena nitakwenda lini. Pyo amepata ajali ya baiskeli, si kubwa, jino moja tu. Jirani wa chini amenunua mbwa anayebweka akiona mwezi.

Kuhusu magazeti, sikuangalia. Kuhusu nani na lini, sikumbuki. Nilikuwa mtoto. Kwani lazima kila kitu kichimbwe? Umeombwa vipimo vya rangi, Tae-gon. Tuma vya buluu. Watu wote wa mji huu walio hai wanalikumbuka likiwa buluu, Pyo atafurahi, na mambo yaishe.

Na sasa sikiliza. Jana Baba mwenyewe ameniuliza iko wapi fomu ya mwanawe. Sikujua kwamba anajua. Nikaitoa chini ya gudulia. Ameiweka mapajani muda mrefu, akatoa muhuri wake kwenye kile kifuko cha ngozi, akaurudisha. Akasema, "Mwambie aandike vipimo vya ile ya mbingu. Barua ikifika, nitagonga."

Maneno yake hayo, sikuongeza wala kupunguza. Ungekuwa hapa nyumbani kwa sikukuu ya mavuno. Nimekwisha kuutoa uani mto wako wa zamani nikauanika.

Dada yako


Gerezani, 2 Julai 2019

Shikamoo Dada,

Ahsante kwa mto.

Baba amesema "ile ya mbingu". Miaka themanini na mmoja ameishi na pureun moja, leo anazijua mbili.

Nitakuambia jambo ambalo sikulisema mahakamani vizuri, kwa sababu wakili alilisema kwa niaba yangu na akalipamba. Yule mama niliyemgonga aliitwa Bibi Yun. Alikuwa akikokota mkokoteni wa maboksi kwenda kuyauza. Kulikuwa kumeshapambazuka, sikuwa nimelewa, nilikuwa natafuta simu yangu chini ya kiti. Nilisimama kidogo, kisha nikaenda. Siku hiyo hiyo nilifunga karakana nikalipaka gari langu upya. Nilichanganya ile nyeupe iliyochakaa ya gari la miaka kumi na moja, na niliipatia, Dada. Mkono wangu haujawahi kupatia vile. Mpelelezi alinigundua kwa sababu nilisahau kuchakaza upande mmoja wa bawaba. Ndiyo maana nikiona uzi mweusi sihitaji kuelezwa. Najua mtu aliyepaka rangi vile alikuwa akisikiliza nini mlangoni.

Sasa nami nakumbuka kitu. Nilikuwa na miaka minne au mitano. Mwaka Mpya mmoja hatukwenda kuwasujudia wazee wala makaburini. Niliambiwa nina tetekuwanga, nikalazwa chumba cha ndani na peremende. Lakini tetekuwanga niliugua darasa la kwanza, kovu lake liko kwenye sikio langu, na tetekuwanga haimshiki mtu mara mbili.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mtu wa miaka tisa anakumbuka.

Lori lilimgonga nani?

Tae-gon


Heukgol, 30 Julai 2019

Mdogo wangu,

Salamu. Mtoto wa Da-hye amezaliwa kabla ya wakati, msichana, mzima, mwenye nywele nyingi. Nimekwenda siku mbili nikarudi. Alinishika mkono pale kituoni akasema, "Mama, babu ana nini asichoweza kuachwa hata wiki?" Nilimwambia ni miguu.

Lilimgonga baba yake In-cheol.

Alikuwa anarudi kutoka zamu kwa miguu, kwenye ule mteremko wa shule, barafu tupu. Ilikuwa siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa 1978. Baba alirudi na lori akaketi ndani yake, hakushuka hadi Mama alipokwenda kumgongea kioo. Siku ya Mwaka Mpya, watu wote wakiwa majumbani wamevaa nguo mpya wakiwasujudia wakubwa, Baba alifunga banda akaniita. Alinipa magazeti na bakuli la uji wa mchele wa kugundishia. Nilibandika vioo, Tae-gon. Nilivibandika vizuri, akanisifu. Nilidhani tunalipamba.

Muuza tofu aliliona lori kwa mbali, akamwambia polisi lilikuwa pureun. Polisi alikuwa mgeni, wa kutoka mjini. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza lori la Baba ni la rangi gani, na kila mtu akajibu kwa roho safi, "Pureun." Tangu lini? "Tangu alinunue." Hakuna aliyesema uongo. Muuza tofu alipoletwa bandani akasema siyo hili, lile lilikuwa pureun ya jani la kitunguu. Baba akasema, "Afisa, lori langu ni pureun tangu kiwandani, uliza yeyote." Afisa akanigeukia mimi, akachutama, akaniuliza lori la baba ni la rangi gani. Nikasema pureun. Akanipapasa kichwa.

Wapo majirani walioona baadaye kwamba limebadilika. Mtu anaona, Tae-gon. Lakini makaa ya mlima mzima yalikuwa juu ya lori hilo, na majira ya baridi yalikuwa katikati. Wakanyamaza, halafu kunyamaza kukawa mazoea.

Unanilaumu kwamba sikutoka hapa hata nilipoachika, hata Da-hye alipoolewa. Baba akiwa na homa huweweseka. Humwita yule marehemu kwa jina. Niliogopa siku moja ataita mbele ya Mama In-cheol na mimi sipo nimfunike mdomo. Nimefungwa hapa muda mrefu kuliko wewe, na mimi hakuna aliyenisomea tarehe ya kutoka.

Ningeweza kukuficha zile pete. Nilichoka.

Gazeti liko chini ya mpira wa kioo cha kushoto. Nilijua liko, mimi ndiye niliyelibandika. Sasa amua wewe. Fomu ni mwisho wa Agosti. Ukiandika buluu, nitaipeleka kwa Bwana Gu na sitafungua kinywa tena. Ukiandika kijani, Baba hatagonga, na Mama In-cheol hupita mbele ya ule ukumbi kila siku akienda zahanati.

Dada yako


Gerezani, 19 Agosti 2019

Shikamoo Dada,

Mpe mtoto wa Da-hye jina zuri, wasimpe la kuokota kwenye simu.

Nilikaa na barua yako wiki mbili. Siku kumi kati ya hizo nilikuwa nimeamua buluu. Niliandika hata vipimo vyake, vilikuwa vizuri. Nilijiambia Baba ni mzee, nilijiambia marehemu hafufuki kwa rangi. Kisha nikakumbuka kwamba hayo ndiyo niliyojiambia karakanani nikiwa nimeshika pampu ya rangi, neno kwa neno.

Bwana Gu achanganye hivi. Nyeupe vijiko vikubwa ishirini. Manjano kumi na sita. Buluu saba. Nyeusi kimoja, aitie nusu nusu akitazama. Nyekundu kidogo sana, kiasi cha kuchovya ncha ya kijiti cha kulia. Asiogope hiyo nyekundu, ndiyo inayoua ukali na kulilaza jani siku mbili. Apake kwenye kipande cha bati, kikauke, akipeleke nyuma ya spidomita mchana wa mawingu. Kikipotea pale, amepata.

Na lioshwe kwanza. Lisuguliwe hadi kwenye bati, uzi mweusi usibaki popote.

Muhuri abaki nao. Siku zangu zinaisha Februari, na Februari haihitaji mdhamini. Usimfiche Baba kwamba ni mimi niliyeandika.

Tae-gon


Heukgol, 14 Oktoba 2019

Mdogo wangu Tae-gon,

Salamu kutoka nyumba ambayo haina tena cha kuficha na haijui ifanye nini. Mtoto ameitwa Sol-ip. Kabichi za majira ya baridi zimeshika vizuri. Nakuandikia mapema asubuhi kabla Baba hajaamka, kwa hiyo mwandiko usameheke.

Sikumficha. Nilimsomea barua yako yote. Siku mbili hakula. Siku ya tatu akasema nimsukume bandani, na Bwana Gu alipokuwa akipaka, yeye aliketi kando na kitambaa puani, mchana kutwa. Kipande cha bati kilipotea nyuma ya spidomita kama ulivyosema. Bwana Gu alikitafuta kwa kidole. Jioni Baba aliomba fomu, akatoa muhuri, akagonga. Nilimwambia muda wake umepita wiki tatu. Akasema, "Najua kusoma kalenda." Naiambatanisha hapa. Haina kazi yoyote.

Uzinduzi ulikuwa juzi. Walikuja wengi, hata waliohama. Walipofunua turubai wazee wakasema, "Ehee, pureun kabisa," na mmoja akasema, "Lakini si lilikuwa pureun nyingine?" wakaanza kubishana. Mama In-cheol alikuwa mstari wa mbele, wamempa kiti na ua la kifuani. Pyo akachukua maikrofoni akaja kwa Baba, akachutama mbele yake. Alichutama vile vile, Tae-gon, nikahisi mkono kichwani pangu. Akauliza, "Mzee, hii ndiyo pureun yenyewe?"

Baba akasema, "Si pureun. Ni chorok."

Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Ni neno la shule, la masanduku ya rangi za watoto. Halina mbingu ndani yake, ni kijani tu. Pyo akacheka. Baba akausukuma mkono wenye maikrofoni, akamtazama Mama In-cheol, akasema, "Mama In-cheol, lilikuwa chorok. Mwaka ule, hadi siku ya Mwaka Mpya, lilikuwa chorok."

Watu wakainamisha vichwa, si wote kwa mara moja. Wale wazee ndio walioanza. Mama In-cheol aliliangalia lori. Aliliangalia kwa muda ambao mimi nilitamani kufa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya tofu, "Alikuwa hai uliposhuka?"

Baba akasema, "Sikushuka."

Mama In-cheol akalivua lile ua, akaliweka juu ya kiti, akaenda nyumbani kwa miguu. Nilimfuata hadi mteremkoni. Hakugeuka.

Jana Baba alinilazimisha nimsukume hadi kituo cha polisi. Afisa ni kijana, umri wa Da-hye. Alisikiliza, akaandika, akapiga simu, akatuletea kahawa. Akasema kwa adabu nyingi kwamba kwa sheria jambo hilo limekwisha zamani, wao hawana cha kufanya naye. Baba akamwambia, "Basi nifungieni hata siku moja." Kijana akadhani ni utani wa wazee.

Tuliporudi, makaa yalikuwa getini. Yote yaliyokuwa yamebaki ya mwaka huu, yamepangwa kwa safu nne, yamenyooka kuliko Baba alivyokuwa akiyapanga. Mama In-cheol alimtuma mwanawe ayarudishe kwa toroli. Baba amekataa nisiyaingize ndani. Aliketi barazani akiyatazama hadi usiku. Redioni wamesema Ijumaa mvua.

Da-hye amepiga simu tena. Sasa hakuna mdomo wa kuufunika, lakini kuna mzee wa kumwogesha. Kufuli imetolewa na mimi bado nimesimama pale pale mlangoni.

Dada yako,
Myeong-suk


Gerezani, 2 Novemba 2019

Shikamoo Dada,

Sol-ip ni jina zuri, jani la msonobari. Tusigombane kama ni pureun au chorok.

Kama mvua haijayawahi, yafunike hayo makaa kwa turubai, hata Baba akikataa. Makaa ya matundu yakilowa yanamomonyoka, hayawaki tena. Ni ya Mama In-cheol. Amesema hayataki kutoka kwa mkono wa Baba, na hiyo ni haki yake, lakini baridi yake bado iko pale pale. Mwulize Pyo kama wilaya inaweza kumpelekea makaa mengine, yasiyotoka kwetu. Usiseme ni wazo letu.

Februari nitamwogesha Baba mimi. Sijui tutaongea nini, labda tutanyamaza, tuna uzoefu. Wewe kata tiketi ya Daejeon ya mwezi wa Machi, ya kwenda tu, si ya kurudi. Mto wangu uache ulipo.

Fomu imefika. Nimeiweka dirishani pamoja na lile ua la karatasi.

Jumatatu nilimwandikia mtoto wa kiume wa Bibi Yun. Nilishawahi kumwandikia mara mbili wakati wa kesi, kurasa ndefu, wakili akizisahihisha, na zote zilisema nilipatwa na mshtuko, kwamba sikujua. Hii ilikuwa fupi. Niliandika jina langu, na kwamba mama yake alikuwa akisogeza mkono nilipomtazama kwenye kioo cha pembeni, na kwamba sikushuka.

Hajajibu. Afisa wa barua amesema kule kwao posta huchukua siku nne.

Mdogo wako,
Tae-gon